Ufunguzi wa Marehemu

Zenaida Pucay aliyasoma yale majina mara tatu, na mara zote tatu yalikuwa yale yale.

Meza ya kwanza. Nyeupe, Crisanto Bayating. Nyeusi, Zenaida Pucay.

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa parokia, na wachezaji wengine walikuwa wakimsukuma mabegani ili nao waone wamepangwa na nani katika mchezo wa mwisho. Hakusogea.

"Umepewa nani?" sauti ya mama yake ikamfikia kutoka nyuma.

"Mtu wa Dagupan."

"Huyo mtu wa Dagupan hana jina?"

Nana Ursula akapenya katikati ya watu, mwanamke mfupi aliyejifunga shali la sufu, chupa ya chai ya tangawizi imebanwa kwapani. Kwa siku nne za mashindano hakukosa hata mchezo mmoja wa binti yake, ingawa kila aliyemuuliza alimjibu kwamba yeye sataranji haijui na wala hataki kuijua. Alisogeza uso karibu na karatasi, akasoma, akabaki ameinamia pale kwa muda.

"Crisanto," alisema hatimaye, kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali. "Ana uso wa kupanda huku kwetu Baguio huyu! Keshokutwa watu tunakwenda kuwawashia mishumaa marehemu wetu, yeye anakuja kucheza!"

"Mama, twende zetu nyumbani."

"Nyumbani ukafanye nini?"

"Sijisikii vizuri."

"Hujisikii vizuri!" Nana Ursula alimkazia macho. "Nisikilize. Ushindi mmoja tu. Ukishinda leo unaingia timu ya taifa, unapanda ndege, unaiacha ile mashine ya kufumia masweta inayokuua mgongo. Unataka kumwachia na hicho? Alichochukua hakijamtosha? Ingia mle ndani ukamchinje."

Alimwekea mkononi kikombe cha chai ya moto, akamsimamia mpaka akamaliza yote.

*

Kulikuwa na wakati ambapo jina la Crisanto liliitwa nyumbani kwao kila siku, na kila lilipoitwa mtu alicheka. Alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa Delfin, kaka mkubwa wa Zenaida. Walifanya kazi pamoja kwenye karakana ya redio, walikula pamoja, na kila jioni walikaa kwenye ubao wa sataranji mezani kwa Nana Ursula mpaka awafukuze kwa ufagio. Umeme ulipokatika, na miaka ile ulikatika karibu kila siku, hawakuacha. Walicheza kwa mdomo, bila ubao, wakitajiana hatua gizani, na Zenaida, aliyekuwa jikoni akipepeta mchele kwa kupapasa, alifuatilia kichwani hadi mwisho. Siku moja akawakosoa wote wawili. Crisanto akasema gizani, "Delfin, huyu dada yako nitamuoa mimi," na Delfin akajibu, "Mshinde kwanza."

Hakumshinda, lakini alikubaliwa. Harusi ilipangwa kuwa Desemba ya mwaka 1990. Gauni lilikuwa limeshakatwa.

Mwezi Julai ardhi ilitetemeka. Alasiri ya Jumatatu ile Delfin alikuwa ameahidi kumpeleka mama yake kwa daktari wa meno. Crisanto akapita, akampigia mluzi kutoka barabarani, akamwita kaka kwa lugha yao, "Manong, mchezo mmoja tu!" na Delfin akambusu mama yake kwenye paji la uso, akaomba waende kesho. Saa moja baadaye klabu ya sataranji, iliyokuwa chini ya nyumba ya ghorofa nne, ilikuwa imezikwa na ghorofa zote nne. Siku ya tatu, katika mvua, walimtoa Crisanto akiwa hai. Delfin walimtoa saa mbili baadaye.

Mwezi uliofuata Crisanto alikuja kwa magongo. Nana Ursula alimfungulia mlango nusu, akamuuliza swali moja tu: mwanangu alisema nini mwisho wake? Crisanto akafumbua mdomo, akaufumba. Akasema, "Sikumbuki, Nana." Nana Ursula akamwambia, "Mwongo we. Toka mlangoni kwangu, usikanyage tena."

Crisanto akateremka zake Dagupan, kwenye joto la nchi ya chini, na miaka mitatu ikapita. Nyumbani kwa Nana Ursula sahani ya Delfin iliendelea kutengwa mezani kila jioni, na wali wake, na kipande chake cha samaki. Asubuhi Zenaida ndiye aliyeiosha. Kuna siku alikuta wali umepungua, au alidhani umepungua, na hakumwambia mtu.

*

Crisanto alikuwa ameshakaa. Alipomwona Zenaida akija akasimama haraka, kiti kikalia sakafuni.

"Zeny."

"Bwana Bayating," alisema Zenaida, akampa mkono kama sheria za mchezo zinavyotaka.

Mkono ule ulikuwa wa moto, kama zamani. Ila vidole viwili, cha shahada na cha kati, havikukunjika vilipomshika. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na juu ya sikio la kushoto nywele zake zilikuwa zimegeuka nyeupe kabisa. Zenaida alijikuta anaziangalia. Akajilazimisha kuangalia ubao.

Mzee Severino, mwamuzi, aliibonyeza saa yenye nyuso mbili. "Saa moja kila mmoja. Kibendera kikianguka, umeshindwa. Mungu awabariki."

Crisanto akamsogeza askari wa mfalme hatua mbili. Zenaida akafanya vivyo hivyo. Kisha Crisanto akamshika askari wa jirani, yule anayemlinda mfalme ubavuni, akamsukuma mbele aliwe bure.

Hakuna mtu aliyefungua hivyo kwenye mashindano ya maana mjini mle, isipokuwa mmoja tu. Mababu ndio waliokuwa wakicheza namna ile. Unatoa askari aliwe. Kisha unatoa farasi naye aliwe. Unabaki fukara, mlango wa mfalme wako wazi, lakini njia zote zimefunguka na jeshi lililobaki linamkimbilia adui kabla hajafunga vifungo vya shati. Walimu wa klabu walimwambia Delfin ni wazimu. Delfin akawaambia wazimu unampendeza.

Alimla yule askari. Angefanyaje? Crisanto akamtoa farasi, akamtoa askofu, akamficha mfalme nyuma ya ngome, na farasi akamwacha pale pale, mdomoni mwa askari mweusi. Hatua kwa hatua, ilikuwa ile ile. Na kila alipoweka kete, aliigonga ubaoni mara mbili kabla ya kuiachia. Ko, ko.

Delfin ndiye aliyekuwa akigonga hivyo.

Kijasho chembamba kilimtoka Zenaida, na ukumbi ulikuwa baridi kiasi kwamba pumzi za watu zilionekana. Akasikia harufu ya mafuta ya nywele, yale ya bei rahisi yenye nazi, aliyokuwa akimnunulia kaka yake kila mwisho wa mwezi. Kwa pembe ya jicho aliona mkono wa sweta la kahawia ukipita juu ya ubao. Alilifuma yeye sweta lile. Walimzika nalo. Alipoinua macho haraka, mkono ulikuwa wa Crisanto, kwenye koti la bluu, ukirudi mapajani.

"Unanifanyia mzaha?" alinong'ona.

Crisanto akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Meza ya kwanza, hakuna maongezi," alisema mzee Severino.

Zenaida akamla farasi. Hasira ilikuwa imempanda sasa, na hasira ilimsaidia kuona vizuri. Hata kaburini hutaki kumwacha apumzike, aliwaza. Ulimwita kwa mluzi, sasa unavaa mkono wake. Alikula kila alichopewa. Malkia wake akatoka, akachukua askari wa pili. Nyuma ya kamba ya watazamaji aliliona shali la mama yake halitikisiki.

Kwenye hatua ya kumi na mbili, Crisanto akamshika farasi wake wa pili. Akampeleka katikati ya ubao, kwenye mraba wa d tano. Ko, ko. Akabonyeza saa, akaweka mikono yote miwili chini ya meza.

Zenaida alianza kutafuta jibu, na jibu halikuonekana. Farasi yule alitishia mahali pawili kwa mpigo. Ukimla, ngome inashuka na kukumaliza. Ukimpuuza, anakula malkia wako au anaingia nyumbani kwako. Alipita njia moja, akafika ukutani, akarudi. Akapita nyingine. Alisahau mama yake, alisahau timu ya taifa, alimsahau hata mtu aliyekaa mbele yake. Mwishowe akaona kwamba kuna jibu moja tu lisiloua: mfalme mwenyewe atembee, ahame pembeni, d nane. Jibu baya, la aibu, lakini la pekee.

Akamhamisha mfalme. Akabonyeza saa. Alipoinua uso aliona kwamba Crisanto hakuwa anaangalia ubao. Alikuwa anaangalia saa, upande wa Zenaida, kama mtu anayesoma barua.

Kisha zamu ikawa yake, na Crisanto hakucheza.

Dakika tano. Kumi. Meza za jirani zilimaliza, watu wakapeana mikono, wakaja kusimama nyuma ya kamba. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vioo vya madirisha. Dakika hamsini. Crisanto alikuwa amekaa wima, macho yamefumbwa, uso wake hauna damu. Midomo yake ilikuwa inasogea. Zenaida alidhani anasali. Akainama kidogo ili aione vizuri, na nywele za mikononi zikamsimama, maana alichokuwa akisema bila sauti kilikuwa kitu kimoja, tena na tena.

*Delfin. Zamu yako. Delfin. Zamu yako.*

"Santo," alisema. Lilimponyoka, lile jina la zamani.

Akafumbua macho. Yalikuwa macho ya mtu aliye mbali sana, chini sana. "Sijui angecheza nini," alinong'ona. "Miaka mitatu natafuta, Zeny. Sijui angecheza nini."

Mzee Severino akakohoa kuwaonya. Zenaida hakumsikia. Aliiangalia saa ya Crisanto, mkono wa dakika umekaribia juu, kibendera chekundu kimeanza kuinuka. Zilibaki dakika mbili. Angekaa tu. Asingehitaji kugusa kitu chochote. Kibendera kingeanguka chenyewe, na ndege ingemsubiri.

Akanyoosha mkono, akaisimamisha saa.

"Sare," alisema.

Ukumbi ukanong'ona wote. Crisanto alimtazama kama mtu aliyeamshwa kwa maji. "Usifanye hivyo. Ngoja tu. Umeshashinda."

"Nimesema sare. Unakubali au hukubali?"

"Binti," mzee Severino akaja mbio, miwani mkononi, "una hakika? Kibendera chake hiki hapa! Kwa sare nafasi inakwenda kwa yule msichana wa Cebu."

"Nina hakika, Apo," alimjibu mzee kwa heshima.

Crisanto akatoa mkono wake wenye vidole visivyokunjika, na Zenaida akaushika mbele ya watu wote. Nyuma ya kamba kiti kilianguka kwa kishindo. Shali la mama yake lilikuwa linaelekea mlangoni.

*

Alimkuta kwenye ngazi za nje, nusu ya mwendo, akishuka kwa kushikilia ukuta. Misonobari ya ng'ambo ya barabara haikuonekana kwa ukungu.

"Mama! Mama, ngoja."

"Usiniite." Nana Ursula hakugeuka. "Miaka mitatu unaamka unapiga kelele, nani anakushika mkono? Mimi! Leo unamshika mkono yeye. Mbele ya parokia nzima! Umemgawia nafasi yako kama karanga."

"Kuna kitu alikuwa anasema pale mezani. Nataka nikisikie, na wewe ukisikie."

"Nilishamuuliza. Hakumbuki. Kumbukumbu yake ilibaki kwenye kifusi na mwanangu."

"Siku ile alipokuja na magongo," Zenaida alisema, "nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia kila neno. Ningeweza kutoka, nikamkalisha, nikampa maji, nikamsubiri aseme. Sikutoka. Nilikuogopa wewe, na nilimwogopa yeye. Mama, mimi nimechoka kukaa nyuma ya ule mlango."

Mlango wa ukumbi ukafunguka juu yao. Crisanto alishuka ngazi moja moja, mguu wa kulia ukiburuzika. Alisimama ngazi tatu juu ya Nana Ursula, kisha kama aliyeona si adabu, akashuka akampita, akasimama chini yake, akalazimika kuinua uso kumtazama.

"Nana Ursula, nilikudanganya. Nakumbuka."

Mama mtu akakaza shali kifuani. "Sema basi."

"Tulikuwa karibu. Nilikuwa naweza kumgusa kiatu, zaidi ya hapo siwezi. Giza. Alisema kifua kinambana lakini si sana. Tulipiga kelele mpaka sauti zikaisha. Halafu yeye akasema, Santo, tusikae bure kama magunia, tucheze. Tukacheza kwa mdomo. Yeye nyeupe."

"Mwanangu anakufa," Nana Ursula alisema taratibu, "nyinyi mnacheza."

"Hatukujua kwamba anakufa, Nana. Alikuwa anacheka. Alinitolea farasi wake nikamla, akasema, kula tu, utashiba mpaka utapike. Akafika hatua ya kumi na mbili. Akasema, *farasi, d tano*. Ndiyo maneno yake ya mwisho. Hakuna mengine. Hakukutaja wewe, hakumtaja Zeny, hakumtaja Mungu. Nilisimama mlangoni kwako, unaniuliza mwanao alisema nini, nikuambie nini? Farasi, d tano?"

Nana Ursula akaushika tena ukuta.

"Lakini siyo hilo lililonifunga mdomo," Crisanto aliendelea, na sasa alikuwa anamtazama Zenaida, siyo mama yake. "Ile hatua ilinishinda. Nikanyamaza nikifikiri. Sijui kwa muda gani, mle ndani hakukuwa na saa. Nilikuwa nafikiri jinsi ya kumshinda, Zeny! Nilifurahi hata, kwamba nimepata kitu cha kufikiria. Nilipopata jibu nikasema, mfalme, d nane. Hakujibu. Nikasema, Delfin, zamu yako. Nikadhani na yeye anafikiri. Nikamngoja." Akajifuta uso kwa kiganja. "Yeye anakata roho, mimi nimekaa kimya natafuta hatua. Labda aliniita. Labda alitaka nimsemeshe. Nilimwacha peke yake gizani ili nisishindwe mchezo."

Gari moja lilipita barabarani na taa zake za njano, likapotea. Zenaida alikuwa ameshika chuma cha ngazi, na chuma kilimchoma kwa baridi.

"Ndiyo maana ukaucheza leo," alisema.

"Niliona jina lako kwenye orodha. Nikasema nikipangwa nawe, nitakuweka kwenye kiti changu. Sikutaka kukuumiza. Nilitaka kuona mtu mwingine, mtu mwenye akili kunishinda, atachukua muda gani."

"Nimechukua muda gani?"

"Dakika ishirini na mbili." Alizitamka kama mtu anayetaja jina la mtu. "Nilizihesabu."

"Basi sikiliza." Zenaida akashuka ngazi, akasimama mbele yake. "Kwa dakika ishirini na mbili hizo sikusikia kitu. Mama angeanguka nyuma yangu nisingejua. Na mimi nilikuwa na ubao mbele yangu, na mwanga, na mbavu zangu zote nzima. Ile hatua ni ngumu, Santo. Yeyote angekaa kimya. Delfin mwenyewe angekaa kimya, na angekukasirikia kama ungejibu haraka haraka, kwa kumwonea huruma."

Machozi yalimtoka Crisanto bila sauti, akayaacha yateremke.

Nana Ursula alikuwa amewasahau kama wapo. Alikuwa anaangalia ukungu, mahali pamoja, kama vile kuna mtu amesimama mle. Alipoongea, ilikuwa sauti ndogo ambayo binti yake hakuwahi kuisikia.

"Alikuwa anashinda?"

Crisanto akamtazama Zenaida. Ule msimamo wa kete watu wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia, na mpaka leo hakuna aliyeapa. Zenaida alilijua hilo. Alijua pia kwamba mama yake, aliyedai hajui sataranji, angejua mara moja kama jibu limechelewa.

"Alikuwa anashinda, Mama," alisema. "Nimetoka kwenye kile kiti sasa hivi. Nilikuwa nimebanwa, sina pa kukimbilia."

"Alinibana kweli, Nana," alisema Crisanto.

Nana Ursula akakaa kwenye ngazi, kwenye saruji yenye unyevu. Akaweka chupa ya chai kando. Alicheka kwanza, kicheko kifupi cha puani. "Mpumbavu yule. Anakufa huku anahangaika na farasi! Baba yake alikufa anauliza bei ya kabichi." Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Zenaida akapiga magoti akamkumbatia, maana mama huyu hakulia siku ya maziko, wala siku ya arobaini, wala mwaka wowote baada ya hapo. Alilia kwa muda mrefu. Watu waliotoka ukumbini walizunguka kwa mlango wa pili.

Alipomaliza alipenga kamasi kwenye ncha ya shali, akasimama bila kusaidiwa.

"Jumatatu tunapanda makaburini saa mbili asubuhi," alimwambia Zenaida, kana kwamba Crisanto hayupo. "Magugu yamekuwa marefu na mimi mgongo wangu hauinami. Mwambie huyo aje na panga."

"Mama, si mwambie mwenyewe, huyu hapa."

"Nimesema mwambie." Akashuka ngazi mbili, akasimama. "Na ale kabla hajaja. Amekonda kama ufito, watu watasema tumemloga."

Akatokomea kwenye ukungu. Walisikia viatu vyake kwa muda, halafu hawakuvisikia.

"Umesikia?" Zenaida aliuliza.

"Nimesikia."

Wakakaa kwenye ngazi. Chupa ya chai ilikuwa bado ya vuguvugu, wakanywa kwa kifuniko kimoja, kwa zamu.

"Miaka mitatu," alisema Zenaida. "Hata barua, Santo. Hata mstari mmoja."

"Niliandika. Kila nikifika kwenye hatua ile, nachana."

"Ungeniletea zilizochanwa. Ningeziunga."

"Zeny..."

"Hilo sijakusamehe. Nataka ujue. Nitakuja kukusamehe, lakini siyo leo."

"Nitangoja."

"Unajua kungoja, hilo nimeliona."

Crisanto alicheka, kwa mara ya kwanza, na kicheko kikampa tena uso wake wa zamani kwa nukta moja. Zenaida akageuza macho ili asilie. Hapo ndipo alipoona jinsi walivyokaa. Yeye alikuwa amejibana kwenye chuma, Crisanto amejibana ukutani, na katikati yao wameacha nafasi ya mtu mmoja mzima, mpana wa mabega. Hawakuwa wamepanga. Kwa miaka yote ile mezani, kwenye benchi la kanisa, kila mahali, Delfin ndiye aliyekaa katikati.

Ile nafasi ilikuwa na baridi yake. Zenaida aliitazama, na kwa kitambo hakuthubutu hata kuvuta pumzi, akisubiri, hakujua anasubiri nini. Ukungu ulipita juu ya saruji, taratibu, ukatoka upande wa pili.

"Manong," alisema kwa sauti ya chini, "tupishe."

Akasogea karibu na Crisanto.